Saa ya 201: Familia ya Unguja na Hesabu ya Urubani

Binti ana miaka 20. Amemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hesabu), amefaulu vizuri, na anataka kuwa rubani wa shirika la ndege. Baba ana duka la vitambaa Darajani, mama ni mwalimu wa sekondari. Mjomba, kaka yake mama, anaishi Muscat miaka mingi sasa, na ndiye aliyelitaja jina la Florida, Marekani, kwa mara ya kwanza. Mezani kuna karatasi tatu za bei, kuna kiwanja cha Fuoni kinachosubiri mnunuzi, na kuna mabishano yaliyoanza tangu matokeo yatoke. Mimi nimefanya kazi upande wa ratiba za marubani, kwa hiyo nikaitwa kujibu swali moja: shule ipi ni bora?

Kisa nimekiunganisha kutoka familia zaidi ya moja ili asitambulike mtu, na bei za shule nilizoweka ni za kufanyia hesabu. Sheria, tarehe na matukio ya hadharani ni kama yalivyo.

Nilianza kwa kuwaambia kwamba swali hilo linakuja la tatu au la nne. La kwanza ni afya ya binti. La pili ni nani atamlipa siku atakapokuwa na leseni mpya na saa 200 kwenye daftari lake la kuruka. Shule yoyote yenye kibali halali na ndege zinazoruka inaweza kumfikisha kwenye saa 200. Wengi wanakwama kwenye saa ya 201.

Daktari kwanza

Binti anavaa miwani. Bibi yake alikuwa ameshahukumu kwamba rubani wa miwani hayupo duniani, na hukumu hiyo ilikuwa imemkosesha mtoto usingizi. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwa cheti cha afya cha daraja la kwanza vinataka kila jicho peke yake lione 6/9 au zaidi, na macho mawili kwa pamoja 6/6, kwa miwani au bila miwani. Miwani si kikwazo. Kinachowaangusha watu bila kutegemea ni kutotofautisha rangi, moyo, masikio, kifafa, kisukari kinachohitaji insulini. Kipimo cha rangi kinafanywa kwa vitabu vya vidoti, na mtu anaweza kufika miaka 20 bila kujua kwamba nyekundu na kijani kwake zinafanana.

Cheti hicho cha daraja la kwanza hutolewa na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga ya nchi. Gharama yake ukiilinganisha na karatasi zile tatu ni ndogo mno. Hata hivyo nimewaona watu wanalipa ada ya shule kwanza, wanaenda kwa daktari baadaye, na wengi walifanya hivyo kwa sababu shule iliwaambia kuwa cheti cha daraja la pili, kile cha rubani binafsi, kinatosha kuanzia. Kinatosha kuanzia, ni kweli. Hakitoshi kuajiriwa.

Tena cheti hiki hakipatikani mara moja kwa maisha. Rubani wa biashara kwa kawaida hukirudia kila mwaka, na akivuka 60 kila miezi sita, mpaka afike 65 ambapo mlango wa ndege za abiria za kimataifa unafungwa. Kazi nzima inaweza kusimama kwa barua moja ya daktari. Ndiyo maana kuna bima ya kupoteza leseni, na ndiyo maana mama, aliyekuwa akimtaka mtoto awe pia na stashahada ya kitu kingine, hakuwa mwoga kama mjomba alivyomwita. Binti alipimwa Dar es Salaam, akapita. Tukarudi mezani.

Karatasi tatu

Shule iliyoko Uwanja wa Wilson, Nairobi, ilitaka dola 48,000 kumfikisha kwenye leseni ya rubani wa biashara, pamoja na kibali cha ndege za injini mbili na kibali cha kuruka kwa ala, yaani kuruka ndani ya mawingu kwa kutazama vifaa vya chumba cha rubani peke yake. Shule ya Afrika Kusini ilitaka dola 50,000. Ya Florida dola 72,000, ikishuka hadi 65,000 kwa atakayelipa zote kabla ya kuanza. Punguzo hilo la dola 7,000 ndilo lililokuwa linaiuza shule ya Florida pale nyumbani. Mfanyabiashara akiona punguzo, mkono unawasha.

Jambo moja mzee alilikata mapema: hatakopa kwa riba. Kwake ni suala la dini na hakuna wa kubishana naye. Kihesabu pia aliwaokoa, kwa maana mkopo wa shilingi milioni 100 kwa riba ya asilimia 15 unadai milioni 15 kwa mwaka, na katika mwaka huo mwanafunzi hajaingiza hata senti. Lakini maana yake ni kwamba fedha zilizopo ni hizo tu: kiwanja, akiba ya duka, na ahadi ya mjomba. Zikikatika katikati, hakuna pa kukimbilia.

Karatasi zote tatu zilikuwa na ugonjwa mmoja: zimehesabu saa za chini kabisa. ICAO inataka angalau saa 40 kwa leseni ya rubani binafsi, au 35 ndani ya kozi iliyoidhinishwa, na saa 200 kwa leseni ya biashara, au 150 kwa kozi iliyoidhinishwa. Hizo ni za kisheria. Mtu wa kawaida humaliza leseni binafsi akiwa na saa 55 mpaka 70, kwa sababu mvua ilinyesha, mwalimu aliugua, ndege iliingia karakana, au mwanafunzi alikaa wiki mbili bila kuruka akasahau kutua. Saa 20 za ziada kwa dola 200 ni dola 4,000 ambazo hazimo kwenye karatasi yoyote. Ongeza ada ya mtahini, kurudia mtihani, ada za kutua, spika za masikioni, nauli, viza. Niliwaomba waweke asilimia 20 juu ya kila bei kisha ndipo walinganishe. Mzee aliguna, akasema angekuwa anapandisha vitambaa hivyo Darajani asingebaki na mteja.

Kuna pia mita ya Hobbs, na hapa natamani kila mzazi akae nami dakika tano. Shule nyingi hukutoza kwa mita hiyo, ambayo huanza kuhesabu injini inapowaka. Kwenye uwanja mtulivu hupotezi kitu. Wilson si uwanja mtulivu. Asubuhi mwanafunzi mwenye Cessna 172, ndege ndogo ya mafunzo, anaweza kupanga foleni nyuma ya ndege za abiria za Caravan na Dash 8 zinazowahi Maasai Mara na pwani, mita inatembea, na yeye hajifunzi chochote isipokuwa subira. Muulize mwenye shule: mnatoza kwa mita ipi, na kwa kawaida dakika ngapi zinaishia ardhini? Asiyejua jibu hajui biashara yake, na anayejua akakwepa, umeshajibiwa.

Ngazi yenyewe

Tuseme binti amemaliza. Ana miaka 22, leseni ya biashara na saa 200. Rubani wa ndege kubwa ya abiria anayeitwa kapteni anahitaji leseni ya juu kabisa ambayo kiwango chake ni saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 kuna shimo, na kila nchi ina njia yake ya kulivuka.

Kwetu Afrika Mashariki njia ni mbili hasa. Ya kwanza ni kusomea ualimu wa kuruka na kubaki shuleni ukifundisha. Ya pili ni Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja ya turbini ambayo watu wa Unguja wanaiona kila siku ikivuka kwenda Dar, Pemba na mbuga za kaskazini. Kisheria Caravan inaweza kurushwa na rubani mmoja. Hata hivyo wateja wengi wakubwa, mashirika ya misaada na makampuni ya migodi hasa, wanataka marubani wawili mbele, na hapo ndipo kijana anapopata kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

Kiti hicho kina mtego ambao shule hazisemi. Viwango vya ICAO vinaeleza kwamba rubani msaidizi kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja, pale nchi inapolazimisha awepo wa pili, huhesabiwa si zaidi ya nusu ya saa zake kuelekea leseni ya juu, isipokuwa nchi yake imeruhusu vinginevyo kwa masharti. Binti anaweza kuruka mwaka mzima, akachoka mwaka mzima, na daftari likampa nusu mwaka. Kwa hiyo siku ya usaili swali la mshahara linaweza kusubiri, lakini lile la saa zinavyoandikwa halisubiri.

Baada ya Caravan hufuata ndege kubwa zaidi za injini mbili kama ATR na Dash 8, halafu jeti. Wengine hupita Juba au Mogadishu, kwenye ndege za mizigo, misaada na miraa zinazoondoka Wilson, kazi zenye saa nyingi na usingizi kidogo. Sijaona familia ikiuliza habari za Mogadishu kabla ya kulipa ada. Huulizia Dubai.

Mjomba na Ghuba

Mjomba aliulizia Dubai. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: anaishi kule, anaziona Emirates, Qatar Airways na Oman Air zikipaa, na alikuwa na kipeperushi cha shule kinachonukuu Boeing kwamba dunia itahitaji marubani wapya 649,000. Makadirio hayo ni ya kweli, yalitolewa 2023. Ni ya dunia nzima kwa miaka 20, na yametoka kwa kampuni inayouza ndege. Upungufu wanaousema mashirika makubwa mara nyingi ni wa makapteni na marubani waliokwisha kuzoea ndege kubwa. Vijana wenye saa 200 wamejaa, tena kila mwaka wanaongezeka.

Nilimwambia kwa heshima zake kwamba njia za kuanzia sifuri ndani ya mashirika ya Ghuba zinaelekea kwa wenyeji. Mpango wa Emirates wa kusomesha marubani raia ni wa raia wa Umoja wa Falme za Kiarabu. Oman ina sera yake ya kuwapa Waomani kazi kwanza, mjomba mwenyewe anaijua vizuri kuliko mimi kwa sababu imemgusa kazini. Binti wa Unguja anaweza kabisa kufika Ghuba. Atafikia huko akiwa na maelfu ya saa za ATR au jeti, si akiwa na cheti cha Florida mkononi.

Mzee ndiye aliyeuliza kuhusu nyumbani: hakuna Air Tanzania? Ipo, na tangu 2016 imepokea Dash 8 Q400, Airbus A220, Boeing 787 na 737 MAX. Lakini angalieni jinsi biashara hii inavyopanda na kushuka. East African Airways ilianguka 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Fastjet ilianza safari zake Dar es Salaam Novemba 2012 kwa Airbus A319, vijana wakaanza kuota jeti, na ilipofika Desemba 2018 ilikuwa imesimama. Mwaka 2020 Kenya Airways ilipunguza wafanyakazi, marubani wakiwemo, kwa sababu ya Korona. Halafu zikaja injini za Pratt & Whitney za A220, tatizo lililolaza ndege za aina hiyo nchi nyingi, na za Air Tanzania nazo zikalala. Ndege ikilala, rubani wake halipiwi kuruka na mdogo anayesubiri nyuma yake hasogei.

Anayeanza leo atahitimu kwenye hali ya soko ambayo hakuna mtu mezani anayeijua. Hilo halimkatazi kuanza. Linakataza kuweka fedha zote za familia kwenye tarehe moja.

Kwa nini si Florida

Mafunzo ya Marekani ni mazuri, niseme wazi. Ndege nyingi, viwanja vingi, mafuta nafuu, anga lililopangwa. Kwa Mmarekani ningesema nenda. Kwa binti huyu, hapana, na sababu ziko kwenye sheria.

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo, New York, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake ardhini. Bunge la Marekani likatunga sheria mwaka uliofuata, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege kule huhitaji, kwa kawaida, saa 1,500, ingawa wenye shahada za urubani na waliotoka jeshini hupunguziwa. Kichekesho kichungu ni kwamba marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa na zaidi ya hizo. Matokeo yake, Mmarekani aliyehitimu anatafuta saa zaidi ya elfu moja mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye kiti cha mwalimu wa kuruka. Mwanafunzi wa kigeni analipa, mwalimu kijana anajaza daftari lake, na siku akigusa 1,500 anaondoka. Unaweza kubadilishiwa walimu watatu kabla hujapata leseni ya kwanza, na kila mwalimu mpya hutaka kukuona upya unavyotua.

Mgeni mwenyewe hana kiti hicho. Viza ya M-1, ambayo shule nyingi za urubani hutumia, haimruhusu kufanya kazi akisoma, na baada ya masomo inatoa miezi michache tu ya mazoezi. Huanza na mwaka mmoja, kuongeza ni maombi mapya na wasiwasi mpya. Kwa hiyo ile mishahara iliyochapwa kwenye kipeperushi ni ya soko ambalo binti hana haki ya kuingia. Atarudi na leseni ya Marekani, aanze kuibadilisha TCAA, mamlaka ya anga ya Tanzania: mtihani wa sheria za anga, afya, kuruka na mtahini. Inawezekana na wengi wamefanya. Lakini atakuwa amemaliza fedha, hajulikani na rubani mkuu yeyote wa Arusha wala Dar, na saa ya 201 bado iko mbali.

Na lile punguzo. Februari 2008 Silver State Helicopters ya Nevada, shule kubwa ya helikopta, ilifunga milango ghafla na kuwaacha wanafunzi zaidi ya elfu mbili, wengi wao na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola kwa mafunzo ambayo hayakukamilika. Aprili 2023 Tayside Aviation ya Dundee, Uskoti, shule ya miaka mingi yenye jina, nayo ikaanguka na ada za watu ndani. Shule ya urubani inaweza kuwa na ndege safi na walimu wazuri na bado isiwe na fedha benki. Dola 7,000 za punguzo ni bei wanayokulipa ili ubebe hatari hiyo kwa niaba yao. Usilipe mbele zaidi ya saa kumi au kumi na tano, hata kama mkurugenzi ni jirani yako wa msikitini.

Wilson, na ndege zinazoruka kweli

Binti na shangazi yake walitembelea shule ya Wilson. Tovuti ilionyesha ndege sita. Zilizokuwa zinaruka siku hiyo ni tatu. Wanafunzi ni 45. Tukafanya hesabu mezani: ndege tatu, wanafunzi 15 kwa kila moja. Ndege ikiruka saa tano kwa siku, siku sita, ni saa 30 kwa wiki, kila mwanafunzi saa mbili. Saa 200 kwa mwendo huo ni wiki 100. Shule iliahidi miezi 14.

Hesabu hiyo ndiyo mtihani wangu kwa shule yoyote, na huwa naiuliza kabla ya kuuliza bei. Ndege ya mafunzo huingia karakana kwa ukaguzi wa kila saa 50 na kila saa 100, injini hufika muda wa kufumuliwa, na kipuri kinasubiriwa kutoka nje. Halafu kuna mafuta. Cessna 172 hutumia petroli ya ndege, Avgas, karibu lita 30 na kidogo kwa saa, na petroli hiyo huagizwa kutoka mbali kwa kiasi kidogo, ndiyo maana mara nyingine hupotea sokoni hata kama fedha zipo. Shule zenye ndege za injini ya dizeli kama Diamond, zinazokunywa mafuta yaleyale ya jeti, hazilali kwa sababu hiyo. Bei ya saa inaweza kuwa juu kidogo, lakini unaruka.

Walikwenda shule ya pili palepale Wilson, ambayo binti hakuwa ameiandikia. Ndege nne zinaruka, wanafunzi 26, bei juu ya ile ya kwanza kwa kama asilimia nane. Kwa hesabu ileile anapata zaidi ya saa nne na nusu kwa wiki. Nikawaambia hiyo asilimia nane walipe bila kuisikitikia.

Wilson ina faida ambazo haziko kwenye karatasi. Uwanja uko futi 5,500 na zaidi juu ya bahari, kwa hiyo mwanafunzi anajifunza mapema kwamba ndege iliyojaa, hewa nyepesi na jua la mchana havipatani, jambo ambalo rubani wa Florida hulisoma kwenye kitabu. Makampuni ya kukodisha ndege yamepangana uwanja uleule, rubani mkuu anayeajiri anapita mbele ya shule kila asubuhi, na walimu wanajua nani anatafuta mtu. Kanuni za nchi za Jumuiya zinasogezwa ziwe karibu kupitia CASSOA, wakala wa Jumuiya ulioko Entebbe, ingawa leseni bado ni ya kila nchi na binti atalazimika kupita TCAA. Na shangazi anaishi South C, uzio kwa uzio na uwanja. Bibi aliposikia hivyo, upinzani wake uliisha hapohapo.

Hatari yake nayo tuliisema. Tarehe 5 Machi 2024 Cessna 172 ya mafunzo na Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa ikienda Diani ziligongana juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama, wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Mama aliijua habari hiyo kabla sijaisema. Niliwashauri wamuulize mkuu wa mafunzo: tangu siku ile mmebadilisha nini? Wa shule ya pili alieleza kwa dakika nyingi: njia za kutoka na kuingia, urefu wa kuruka, saa wasizopeleka mwanafunzi mgeni. Wa shule ya kwanza alisema ajali ni kudra. Kudra tunaiamini sote, lakini si jibu la mkuu wa mafunzo.

Afrika Kusini sina neno baya juu yake. Hali ya hewa nzuri, mafunzo mazito, na ndege za injini mbili ni nyingi. Tatizo ni lilelile la kurudi bila kujulikana. Ya nyumbani, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji cha Mabibo kimekuwa kikijenga mafunzo ya urubani kupitia mradi wa Benki ya Dunia, na chuo cha urubani cha Soroti huko Uganda kinafundisha tangu 1971, enzi za Jumuiya ya kwanza. Kwa zote mbili ningeuliza swali la ndege na wanafunzi, na jibu likiwa zuri ningeziweka mezani.

Walichoamua

Kiwanja hakikuuzwa mara moja. Walikubaliana fedha zitoke kwa hatua: nadharia ya leseni binafsi binti aisome nyumbani kabla ya kusafiri, kisha leseni binafsi kwa akiba ya duka, ikilipwa saa kumi kumi. Hapo wanasimama, wanakutana tena. Mjomba alinuna, akasema tunamfunza mtoto kwa vijiko. Mama akamjibu kwamba vijiko ndivyo vilivyomlea yeye.

Binti alipata leseni binafsi kwa saa 58. Kwenye kikao cha pili mjomba mwenyewe ndiye aliyetuma fedha za kuanzia hatua ya biashara, na kiwanja kikauzwa kwa bei nzuri kuliko ile ya haraka waliyokuwa wamepewa mwanzo.

Mabishano yaliyobaki ni ya kitaalamu, na hapa sikubaliani na shule. Shule inataka amalize kwa kibali cha injini mbili, saa ambazo ni ghali kuliko zote. Fedha zilizobaki zinatosha hicho au kozi ya ualimu, si vyote, kwa sababu kibali cha kuruka kwa ala atakifanya kwa vyovyote. Mimi nasema ualimu, kwa kuwa Caravan ina injini moja, na kibali cha injini mbili kisichotumika hudai kuhuishwa kwa fedha tena. Shule inasema waajiri wengine wanakitaka kwenye karatasi hata kama kazi ni ya Caravan, na kwa hilo wana hoja.

Kwa hiyo wiki hii binti anapita ofisi za makampuni ya Wilson, na baba yake ameandika barua kwa mawili ya Tanzania, wakiuliza mambo mawili tu: kiti cha kulia cha Caravan mnakitakia vibali gani, na mtu wenu wa bima anadai saa ngapi kabla hamjamwacha ahamie kushoto, kiti cha kapteni. Wakijibu, fedha zitafuata majibu.